Nani Alizimika Kwanza?

Karatasi mbili zilikuwa mezani. Ya kwanza ilitoka kwenye relei ya kiwanda chetu, kifaa kinacholinda umeme na kuandika kila tukio kwa saa yake, na mstari mmoja ulikuwa umezungushiwa kalamu nyekundu: 14:07:31.482, mota ya pompi imewashwa. Ya pili ililetwa na wageni wetu, watu wa upande wa laini ya umeme. Mstari wao ulisema 14:06:48.117, disjonkteri imefunguka, yaani swichi kubwa ya laini imekata umeme.

Kati ya mistari hiyo miwili kuna sekunde 43 na ushei.

Kijana wa zamu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, viganja juu ya magoti. Siku ile yeye ndiye aliyebonyeza kitufe cha pompi, na sehemu kubwa ya eneo letu la viwanda ilikaa gizani hadi usiku. Wakubwa walikuwa wanaamua kama giza lile ni lake.

Tulipotoka nje kupumua aliniambia: "Yaya, wakati nabonyeza, taa za ofisi zilikuwa zimeshaanza kuyumba. Nakuapia."

Nilimwamini. Sikuwa na kitu cha kuwaonyesha waliobaki ndani.

Alirudishwa kazini, na barua ya onyo ikawekwa kwenye faili lake. Mota iliyoungua ikapelekwa kwa mafundi wa bobinaji, wanaosuka upya nyaya zake. Mkutano ukafungwa. Mimi ndiye niliyeshindwa kuufunga. Sekunde zile zimenifuata wiki baada ya wiki, mpaka nimeona afadhali niandike.

Karatasi zilezile, hadithi mbili

Tuseme saa za pande zote mbili zilikuwa sawa. Basi kwenye kituo cha kupozea umeme disjonkteri ya laini moja ilifunguka kwanza, mzigo ukahamia kwenye laini iliyobaki, volteji ikalegea. Sekunde 43 baadaye kijana wetu, ambaye hakuna aliyempigia simu kumtahadharisha, akawasha pompi juu ya mtandao wa umeme uliokwisha kuumia. Hapo yeye ni mtu wa mwisho kupata habari.

Tuseme sasa saa ya kiwanda ilikuwa inatangulia kwa sekunde 45. Toa 45 kwenye 14:07:31 unapata 14:06:46, yaani sekunde moja na nusu hivi kabla ya disjonkteri ya wenzetu kufunguka. Mota kubwa ya aina ile, ikiwashwa moja kwa moja, huvuta mkondo mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Volteji inashuka, relei ya laini inaona hatari, inakata. Hapo yeye ndiye aliyeangusha kila kitu.

Hakuna tarakimu hata moja iliyobadilika kwenye karatasi.

Na saa ya kifaa kutangulia sekunde 45 si jambo la ajabu. Kioo cha kwazi cha kawaida, ndicho kinachoendesha saa ya kifaa, kinaweza kukosea sehemu 20 katika milioni, ambazo ni sekunde 1.7 kwa siku. Kiache mwezi mmoja bila kukirekebisha, umeshafika sekunde 50. Niliuliza pale mezani ni nani aliyerekebisha saa ya relei mara ya mwisho, na lini. Upande wetu walinyamaza. Upande wa pili walisema fundi wao huiweka kwa kutazama simu yake.

Kinachoniuma zaidi ni zile tarakimu tatu za mwisho, .482 na .117. Relei inahesabu milisekunde vizuri kabisa, na ndani ya kifaa kimoja mpangilio wa matukio unaaminika: hili lilitangulia, lile likafuata. Ukishaweka karatasi ya kifaa hiki kando ya karatasi ya kifaa kile, milisekunde hizo hazina maana tena, kwa sababu hata dakika yenyewe ina mashaka. Lakini wakubwa waliona nukta na tarakimu tatu, wakasoma kama wanaosoma hukumu.

Fundi mwenye uzoefu ataniuliza kwa nini hatukulinganisha mawimbi. Swali zuri. Relei yetu ilikuwa imehifadhi wimbi la volteji la sekunde zile. Kama wenzetu nao wangekuwa na lao, tungeweka moja juu ya jingine, tungetafuta mahali ambapo yote mawili yanavunjika kwa umbo moja, na ubishi ungeisha mchana uleule. Walikuja na orodha ya matukio tu. Mawimbi, walisema, yalikuwa yameshafutwa na mapya kuandikwa juu yake.

Mizunguko 50 kwa sekunde

Umeme wetu ni mkondo geu wa hezi 50, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20. Ndani ya sekunde 43 wimbi limeshapanda na kushuka mara 2,150. Sisi tulikuwa tunabishana juu ya bahari ya matukio kwa saa ambazo hazikuweza kutofautisha ufukwe na ufukwe.

Jenereta zote za mtandao mmoja lazima ziende kwa mwendo mmoja, na Katanga, huku kwetu kusini-mashariki mwa Kongo, haimo katika mtandao ambao wengi wanaufikiria. Laini ya Zambia ikiwa imeunganishwa, mapigo ya umeme wa Lubumbashi hayaendi na ya Kinshasa. Yanakwenda pamoja na ya Kitwe, Harare na Johannesburg, kwa sababu tumeungwa kwenye mtandao wa kusini mwa Afrika, ambao mashirika yake ya umeme yamo katika umoja uitwao SAPP tangu 1995. Umeme wa bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, unatufikia kwa njia ya pekee: laini ya mkondo mnyoofu ya km 1,700 hivi hadi Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka 1982. Mkondo mnyoofu hauna mapigo. Unapofika Kolwezi ndipo unapogeuzwa na kupewa mapigo ya huku. Kila nikilifikiria jambo hili nafurahi kama mtoto.

Sasa, ili ujue afya ya mtandao wa namna hii, kupima volteji peke yake hakutoshi. Pima wimbi la Kolwezi na wimbi la Lubumbashi kwa nukta ileile ya wakati, na utakuta moja limetangulia jingine kwa digrii kadhaa. Pembe hiyo ndiyo inayokuambia umeme unasukumwa kutoka wapi kwenda wapi na kwa nguvu gani. Ikizidi kupanuka, mtandao unaelekea kukatika, hata kama taa bado zinawaka vizuri na hakuna aliyelalamika.

Mwaka 1988, katika maabara ya Virginia Tech huko Marekani, kazi ya Arun Phadke na James Thorp ilizaa kifaa cha kwanza cha kupima pembe hizo kwa saa ya pamoja. Mafundi wanakiita PMU. Kinapima fasori, yaani ukubwa wa wimbi pamoja na pembe yake, na kinaweza kutoa vipimo 50 kwa sekunde, kila kimoja kikiwa na muhuri wake wa saa. Mifumo ya kawaida ya kusimamia mtandao husoma mara moja kila baada ya sekunde chache. Mambo mengi huzaliwa na kufa katikati.

Hapa ndipo hesabu iliponikamata. Mzunguko mzima ni digrii 360 ndani ya milisekunde 20. Milisekunde moja ni digrii 18. Saa ya kituo kimoja ikikosea milisekunde moja tu, unasoma pembe ya uongo ya digrii 18, ya kutosha kuifanya laini nzima ionekane mgonjwa au laini mgonjwa ionekane nzima. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu kosa la asilimia 1 kwenye kipimo cha fasori. Kosa hilo lote likitokana na saa peke yake, ni maikrosekunde 31 hivi. Na kwa kuwa vifaa vingine navyo vina makosa yao, saa inatakiwa ikosee maikrosekunde moja, si zaidi.

Sisi tulikuwa na sekunde 43.

Nchi moja, saa mbili

Inga inafuata saa ya Kinshasa. Kolwezi na Lubumbashi tuko saa moja mbele. Laini ikitikisika saa 14:00 kule inakoanzia, huku inakoishia ni saa 15:00, na ripoti mbili za tukio moja zinaweza kuandikwa saa tofauti bila mtu yeyote kukosea.

Dawa yake inajulikana: vifaa vyote viandike kwa UTC, saa moja ya dunia nzima, na anayesoma ndiye abadilishe. Hata hapo pana mtego. Saa ya ndani ya GPS, mfumo wa setilaiti ambao vituo huchukua wakati kwake, inatangulia UTC kwa sekunde 18 tangu mwanzo wa 2017, na kipokezi kilichopangwa vibaya kitakupa sekunde hizo 18 bila kukuonya.

Agosti 2003

Nilipoanza kusoma juu ya mambo haya nilidhani ni tatizo letu la watu wenye vifaa vya zamani. Ndipo nikafika kwenye giza la tarehe 14 Agosti 2003, lililowakumba watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada.

Lilianza na nyaya zilizogusa miti katika jimbo la Ohio, huku mfumo wa kengele katika chumba cha usimamizi ukiwa umekufa bila waliokaa mbele yake kujua. Laini ikaanguka, mzigo ukahamia kwa jirani, jirani naye akaanguka. Mwishoni mambo yalikwenda kasi kiasi kwamba mpangilio wake ulikuwa suala la sehemu za sekunde.

Wachunguzi walipokusanya kumbukumbu za vituo vyote hivyo, walikuta vifaa vingi havikuwa na saa ya pamoja. Ilibidi kazi kubwa ifanyike kusogeza kumbukumbu moja mbele, nyingine nyuma, mpaka zikakubaliana ni nini kilitangulia nini. Ripoti ya mwisho ya 2004 ikataka vifaa vya kurekodi vilandanishwe kwa saa moja, na sheria zilizofuata kule zikataka saa hizo zisiachane na UTC kwa zaidi ya milisekunde 2.

Nchi tajiri ilihitaji watu milioni 50 wakae gizani ndipo iandike sharti hilo. Nikaacha kuona karatasi zetu mbili kama aibu ya Katanga.

Saa inayotoka angani

Mtu aliniuliza kwa nini tusiutumie umeme wenyewe kama saa, maana zipo saa zinazohesabu mizunguko ya umeme wa ukutani. Ulaya ilipata jibu mapema mwaka 2018. Jenereta zilipolegea kidogo tu kwa wiki kadhaa, kwa wastani hezi 49.996, saa za majiko ya umeme zilichelewa karibu dakika sita katika nchi nyingi kwa mpigo. Mtandao hauwezi kujipima kwa pigo lake mwenyewe.

Saa inayofaa iko kimo cha km 20,200 hivi. Kila setilaiti ya GPS imebeba saa za atomu, na wengi wetu tunaijua GPS kwa ajili ya kutafuta njia tu, ilhali inachotangaza hasa ni wakati. Antena ndogo juu ya paa inapokea, kipokezi kinakokotoa, na kila sekunde inapoanza kinatoa pigo moja. Kutoka hapo wakati unasambazwa kwenye relei na PMU kwa msimbo uitwao IRIG-B, au kwa itifaki ya PTP kupitia waya wa mtandao wa kompyuta. Urefu wa waya wa antena nao unahesabiwa, kwa sababu kila mita inachelewesha nanosekunde kama 5.

Kuna jambo lililonisimamisha katikati ya usomaji. Kwa sababu setilaiti ziko juu na zinakwenda kasi, saa zake hutangulia zile za ardhini kwa maikrosekunde 38 kila siku, kama nadharia ya Einstein inavyosema, na waliozitengeneza walilazimika kuliondoa kosa hilo tangu mwanzo. Linganisha na ile ruhusa ya maikrosekunde 31. Wasingelirekebisha, saa ya GPS ingeachana na UTC kwa zaidi ya ruhusa hiyo ndani ya siku moja. Fizikia ambayo shuleni tuliambiwa ni ya nyota na mianga ya mbali ndiyo inayolinda saa ambazo kwazo pembe kati ya Kolwezi na Lubumbashi ingesomwa.

Mashaka yangu

Mama mdogo wangu anauza samaki wa barafu katika komini ya Kenya, mjini Lubumbashi. Nilipomweleza ninachokisomea usiku, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba, kabini ya umeme ya kwetu transfoma imeungua, watu wanachanga pesa nyumba kwa nyumba. Wewe unaniletea habari za maikrosekunde?"

Sikumjibu siku ile. Ana haki. Antena haileti transfoma, na mtu ambaye samaki wake wameoza hahitaji kujua wameoza kwa mpangilio gani. Niliacha kusoma kwa muda.

Kilichonirudisha ni hesabu ya kutafuta mahali laini ilipokatika. Radi inapopiga au waya unapoanguka, wimbi la mshtuko hukimbia kuelekea ncha zote mbili za laini kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kama mita 300 kwa kila maikrosekunde. Ukiwa na saa zinazokubaliana katika ncha zote mbili, tofauti ya muda wa kufika inakuambia mahali. Kosa la maikrosekunde moja linakupotosha mita 150: bado utaiona nguzo yenyewe. Kosa la milisekunde moja linakupotosha km 150, na sasa mafundi wanatembea chini ya nyaya katika msitu na nyasi, nguzo baada ya nguzo, siku baada ya siku. Katika laini ndefu kama ile ya kutoka Inga, wimbi linamaliza safari nzima kwa chini ya milisekunde 6.

Saa za mafundi hao msituni ndizo saa za friji ya mama mdogo. Nchi yenye laini fupi na barabara kila mahali inaweza kumudu kutafuta kwa miguu. Sisi ndio tusioweza.

Shaka la pili ni gumu zaidi, na sijaachana nalo. GPS ni mali ya serikali ya Marekani, na jeshi lake ndilo linaloiendesha. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja ya zamani ilipokuwa inaondolewa kazini, baadhi ya setilaiti zilitangaza wakati uliokosewa kwa maikrosekunde 13 hivi kwa saa kadhaa, na vifaa vya mawasiliano katika nchi mbalimbali vikaanza kupiga kengele. Kwa hezi 50 hiyo ni robo ya digrii, mtandao wa umeme hauangushwi na robo ya digrii. Ila hakuna aliyeomba ruhusa ya kosa lile. Na kifaa kidogo cha kuvuruga mawimbi, kikiwa ndani ya gari lililoegeshwa karibu na kituo, kinaweza kuifanya antena isisikie chochote.

Ndiyo maana saa nzuri ya kituo haisikilizi mfumo mmoja. Husoma pia Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, ikilinganisha. Na ndani yake kuna kioo kilichotunzwa kwenye joto lisilobadilika, au saa ya atomu ya rubidi kwa wenye uwezo, ili anga ikinyamaza saa iendelee kwa saa nyingi bila kupotea sana. Muhimu kuliko vyote, kifaa kiseme wazi kwenye rekodi kwamba kwa sasa hakina uhakika wa wakati. Karatasi zetu zingekuwa na alama hiyo moja tu, barua ya onyo isingeandikwa. Nimewaomba walioiandika waongeze chini yake mstari wa kueleza kwamba saa za siku ile hazikuwa zimelandanishwa. Wamesema watatazama.

Kifuniko cha plastiki

Siku moja baada ya zamu nilifungua kabati la relei kutoka nyuma, nikiwa na tochi. Katikati ya nyaya za vumbi kuna tundu moja la mviringo lenye kifuniko chekundu cha plastiki, na juu yake herufi ndogo: IRIG-B. Kifuniko ni kile kilichowekwa kiwandani ilikotengenezwa. Hakijawahi kutolewa.

Nilifungua kabati la pili na la tatu. Vifuniko vile vile.

Miaka yote hii relei zimekuwa tayari kupewa wakati, hakuna aliyezipa. Kinachokosekana ni kipokezi kimoja kwa jengo zima, antena, na waya wa kugawa. Hatuna PMU na sitegemei kuzipata karibuni, lakini kwa mpangilio wa matukio peke yake, milisekunde moja inatosha kabisa, na tundu lile linaitoa.

Watu wa upande wa laini wamekubali kwamba kuanzia sasa kila ripoti tunayobadilishana itakuwa na UTC pembeni ya saa ya hapa, na kwamba mawimbi yatanakiliwa kabla hayajafutwa. Kuhusu saa ya kituo chao wanasubiri bajeti, na saa ya upande mmoja ni nusu ya kazi, kwa hiyo nitaendelea kuwapigia simu. Kwetu tumepewa ruhusa ya kutoboa paa. Tunataka kumaliza kabla mvua za Novemba hazijachachamaa, maana antena juu ya paa Katanga bila kinga ya radi na waya wa ardhi haimalizi msimu.